Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa vituo vya kulelea watoto wadogo, walezi, walimu wa awali, wenye vituo na wazazi wawakilishi, poleni na foleni ya Kilwa Road na asanteni kwa kufika. Taarifa yangu ni fupi ila kuna sehemu moja nitakaa nayo, mambo ya wazazi na mtaa, maana ndo kazi tuliyoifanya mwaka mzima.

Mkutano uliopita kilio kilikuwa kimoja tu, mzazi haonekani kituoni mpaka adaiwe. Sasa tuangalie hali yenyewe ilivyo. Mama anamshusha mtoto saa kumi na mbili na nusu, hata kwenye boda hashuki anawahi Kariakoo, jioni anakuja kumchukua dada wa kazi au kaka yake wa darasa la nne, hapo mwalimu anaongea na nani? Na kikao kikiitwa kinaitwa Ijumaa saa nne asubuhi, mama lishe yupo jikoni, baba yupo saiti, afu tunasema wazazi hawana mwamko. Wanao jamani. Vituo vilivyohamishia vikao Jumapili jioni na kuitoa kabisa ajenda ya ada (hiyo inaongelewa pembeni na mhusika, sio mbele za watu) mabenchi hayakutosha, na sehemu moja akina baba walikuja na nyundo zao wakaishughulikia bembea iliyokaa mbovu tangu sijui lini.

Ila kwangu mimi jambo la mwaka ni karanga. Kuna mwalimu aliwaomba wazazi waje kituoni wafundishe kitu wanachokijua wao, akaja mama mmoja anauza nafaka sokoni, kaja na ungo wake, akamwaga karanga akaanza kuchambua mbele yetu, iliyosinyaa huku, yenye ukungu huku, iliyobadilika rangi tupa, na usijidanganye kwamba ukikaanga sumu inaisha, haiishi. Ndo sumukuvu hiyo, sumu inayotokana na ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sisi tumezoea kununua unga wa lishe uliochanganywa kila kitu, mahindi, ulezi, soya, karanga, na ikishasagwa hakuna anayejua karanga ilikuwaje. Sasa hivi vituo kadhaa vinanunua karanga nzima, wazazi wanachambua kwa zamu ndo zinaenda mashine, na wakiwa wanachambua ndo utasikia sasa, huyu mtoto halali usiku, yule baba yake kahama nyumba, mambo ambayo ukimpa mzazi fomu ajaze hayaandiki hata siku moja.

Magrupu ya WhatsApp yamesaidia kiasi. Wenye vitochi hawamo, kwa hiyo naomba msiyategemee, ujumbe wa maana piga simu au mtume mjumbe. Bibi wanaolea wajukuu ndo tunawakosa kabisa, na hao ndo wenye hadithi. Kituo kilichompa bibi nusu saa ya kila Jumatano, watoto siku hizo hawakosi, akisema tu paukwa wanadakia pakawa mpaka nyumba ya pili inasikia.

Upande wa mtaa, uchaguzi wa tarehe 27 Novemba umetuletea wenyeviti wapya, wengine hawajui hata kituo kiko wapi, kwa hiyo nendeni mkajitambulishe mapema, msisubiri shida. Mvua za Aprili na kile kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei zilitufundisha, maana pale maji yalipoingia walioyatoa ni majirani na vijana wa kijiweni, hatukuona mtu mwingine. Na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali mzazi anapoona akija kuchukua mtoto, sio ofisini nyuma ya kabati.

Kuna wanachama wananiambia haya mambo ya kushirikisha jamii ni ya wafadhili. Hapana. Mombasa miaka ya 1980 jamii ya Waislamu wenyewe ndo waliotaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuacha dini, mradi wa Madrasa wa Aga Khan ukaanzia hapo, Zanzibar ukafika 1990, na shule zake zinaendeshwa na kamati za watu wa hapohapo. Programu yetu ya taifa, ile PJT-MMMAM (ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inasema afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nitajieni hata moja ambalo kituo kinaliweza chenyewe bila mzazi. Na ilipangwa kuisha 2025/26, kwa hiyo anayetaka kuchota huko awahi.

Usajili bado ni kero. Kuna mafaili yamekaa ofisi za watu miezi na miezi, afisa ustawi tunayemjua anajitahidi, lakini kituo kisichosajiliwa mimi siwezi kukitetea, hilo tuelewane.

Mhazini anasoma hesabu baada yangu, afu chai. Ambao hawajalipa ada ya mwaka wamuone kabla hawajaondoka, na tafadhali hela ya mkononi hapana, tumeni kwenye namba ya umoja.