Mbona bei zetu huishia na 99?

Wateja wengi hudhani bei ya programu tunajipangia tu. Sivyo. Kwenye duka la programu la Apple (App Store) mtengenezaji haandiki bei anayoitaka, anachagua kwenye orodha iliyoandaliwa na duka lenyewe.

Tangu duka hilo lifunguliwe mwaka 2008 hadi mwishoni mwa 2022, orodha ilikuwa na ngazi zisizofika 100: senti 99, dola 1.99, dola 2.99 na kuendelea. Anayeuza kwa dola 50 hakuumia. Aliyeumia ni wa senti 99. Duka likishakata asilimia 30 yake, anabakiwa na senti 69 au 70. (Siku hizi biashara ndogo zinaweza kukatwa 15.) Gharama za seva zikipanda, naye anahitaji senti 20 tu za kuongezea, afanyeje? Ama anyamaze ale hasara, ama amtoze mteja mara mbili. Sishangai wengi walikimbilia matangazo.

Desemba 2022 Apple ilitangaza bei 900, kuanzia senti 29, zikipanda kwa senti 10 hadi kufikia dola 10. Nafuu kubwa, ingawa haikuja bure: mwaka 2021 ilikuwa imeahidi kuziongeza katika suluhu ya kesi iliyofunguliwa na watengenezaji. Google Play, kwa upande wake, humwacha muuzaji aandike bei yake mwenyewe, ilimradi isivuke kiwango cha chini na cha juu.

Wanaotetea orodha husema inamlinda mnunuzi. Labda dhidi ya nukta ya desimali iliyowekwa pasipostahili kwenye bei. Lakini mwaka 2008 programu iitwayo I Am Rich, iliyoonyesha kito chekundu na si zaidi, iliuzwa dola 999.99, bei halali kabisa ya kwenye orodha. Waliinunua watu wanane kabla haijaondolewa.

Faida ninayoikubali ni ya sarafu. Hakuna biashara ndogo yenye muda wa kukokotoa bei za nchi 175, kwa hiyo orodha ibaki kama pendekezo, na asiyeitaka aruhusiwe kuandika yake.

Ukikuta bei imepanda kwa sarafu yako na hatujatangaza lolote, mara nyingi ni duka limerekebisha kufuatana na kodi au thamani ya fedha. Tuandikie kabla hujalipa. Bei ya nchi moja moja tunaweza kuibadilisha.