Vijiti kwenye nywele za Mató-Tópe

Omaha, Nebraska

Shoga yangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Uliniandikia kwamba umechoka kuchora nguo za kale, kwamba siku hizi anayetaka kuziona atazipiga picha kwa simu. Neno lako limenikaa moyoni, leo nakujibu.

Mji huu una makumbusho ya Joslyn, ambayo yanahifadhi picha za rangi za maji za Karl Bodmer. Huyu ni Mswisi aliyepanda mto Missouri mwaka 1833 pamoja na Maximilian wa Wied, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani. Mmoja aliandika, mwenzake akachora. Majira ya baridi walikaa Fort Clark, kituo cha biashara jirani na kijiji cha Wamandan, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, na baridi ilikuwa kali hata rangi zikaganda.

Hapo ndipo Bodmer alipomchora Mató-Tópe, kiongozi wa vita wa Wamandan. Nilipoona vijiti alivyochomeka nywelini nilidhani ni urembo. Kumbe vile vijiti ni majeraha yake ya risasi! Kisu kidogo cha mbao kinamkumbusha mkuu wa Wacheyenne, kabila jingine, aliyepigana naye ana kwa ana akamuua. Mkono wa manjano uliopakwa kifuani unaashiria mateka aliowakamata. Shoga, ni kama jina la kanga: asiyejua kusoma huona rangi tu. Bodmer angeruka kijiti kimoja, habari nzima ingepotea, na Maximilian asingeuliza maana, tungebaki na sura nzuri isiyosema kitu.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba Bodmer alimpa karatasi na rangi, naye Mató-Tópe akachora mwenyewe lile pambano na Mcheyenne. Mimi naithamini hiyo kuliko zote.

Mwaka 1837 ndui ilifika na meli ya mvuke. Wamandan wengi mno walikufa, na Mató-Tópe akiwemo. Waliosalia, vizazi vyao wako Fort Berthold, eneo lililotengewa wenyeji wa asili huko North Dakota, hadi leo.

Basi usiache. Ukienda kwa bibi, mwombe afungue lile sanduku lake. Chora mishono ya kofia ya marehemu babu, tundu kwa tundu, umuulize nani aliidarizi na ilivaliwa siku gani. Halafu mpe bibi kalamu naye achore. Nitumie zote mbili.

Wako akupendaye