Mama Yako Mezani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumaini u mzima huko Nairobi, kama sisi tulivyo wazima hapa Malindi, Alhamdulillahi. Fedha ulizotutumia kwa ajili ya kutimiza miaka 30 ya ndoa yetu zilifika salama, na kwa kuwa ulinisihi nisizigeuze saruji wala karo ya mtu, Alhamisi usiku nilimpeleka mama yako kwenye ule mgahawa mdogo wa Kiitaliano ulio mtaa wa pili kutoka kwetu, wenye meza nane tu, ambao mwenyewe huzunguka kumsalimia kila anayeingia.

Unajua kwamba nilifanya kazi katika majiko ya Waitaliano kwa miaka 22. Mji wetu ulianza kuwazoea watu hao walipokuja kurusha setilaiti kule Ngomeni, ambako San Marco 2 ilirushwa mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile iliyopewa jina la Uhuru. Baadaye wenzao wakazidi kuja, wakajenga nyumba na kufungua migahawa, nasi vijana wa wakati huo tukapata ajira humo. Miaka yote hiyo nilirudi nyumbani usiku nguo zangu zikinuka kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, mama yako akazifua, wala sikuwahi hata mara moja kumketisha kwenye meza ya namna ile. Hakuna aliyetukataza. Ni mimi niliyejiaminisha kwamba pale ni mahali pa kazi na si mahali pa kumpeleka mke wangu, na jambo hilo limeniuma tangu Alhamisi.

Chakula chao hakiletwi chote kwa pamoja kama kwenye sinia letu, bali hufuatana sahani baada ya sahani. Kwanza tuliletewa vipande vya mkate uliochomwa, ukasuguliwa kitunguu saumu na kuwekwa nyanya juu yake, pamoja na kijiti cha mrehani. Mama yako alikichukua, akakifikicha kwa vidole, akanusa, kisha akaniuliza, “Bwana, huu si mrehani wetu wa vikuba?” Nikamwambia ndio huo, ila wao huukatakata kwa mkono na kuutia chakula kikiwa tayari, kwa kuwa moto mwingi huiua harufu yake. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Kisha ikaja spageti kwa kamba. Kijana aliyetuhudumia, Mgiriama wa hapa hapa, aliagiza jikoni kwa Kiitaliano fasaha na kutujibu sisi kwa Kiswahili, akahakikisha kwamba mvinyo hautiwi katika chakula chetu. Mama yako alionja, akaniinamia na kuninong’oneza, ili yule kijana asisikie, kwamba tambi hazijaiva. Yeye amezoea tambi za Idi, zinazopikwa kwa tui na iliki hata zikalainika kabisa. Basi nikamweleza yale niliyoyafanya kila siku kwa mikono yangu: kwamba maji hutiwa chumvi kiasi cha gramu 10 kwa kila lita, kwamba spageti huepuliwa ingali na ugumu kidogo katikati, ikamalizikia kuiva ndani ya kikaango cha mchuzi, na kwamba kikombe kimoja cha yale maji ya kuchemshia humiminwa humo, kwa sababu wanga uliomo hushikanisha mafuta na mchuzi hata ukaambatana na kila uzi. Nilimweleza pia kwa nini hatukuletewa jibini ya kunyunyizia, maana wao hawapendi kuichanganya na vitu vya baharini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka uma chini, akasema, “Mbona hukuniambia haya siku zote?” Sikuwa na la kumjibu.

Tulipomaliza, alianza kuzipanga sahani moja juu ya nyingine na kukusanya makombo kwa kiganja, kama afanyavyo nyumbani kila usiku tangu nimwoe. Yule kijana alikuja haraka, akazipokea kwa heshima na kumwambia, “Keti, mama, hii ni kazi yangu.” Mama yako akaketi, akaiweka mikono yake mapajani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaiweka juu ya meza, karibu na yangu. Mwanangu, nimekula katika harusi nyingi na nimewapikia watu wenye vyeo, lakini sijaona kitu kilichonigusa kama mikono ile iliyokosa la kufanya.

Tulikula aiskrimu ya limau, tukakaa mpaka meza nyingine zote zikawa tupu, wala hakuna aliyetuharakisha. Tulirudi kwa miguu, naye njia nzima alizungumzia habari za mwaka tuliooana, mambo mengine nilikuwa nimekwisha kuyasahau.

Salio la fedha zako analo yeye. Mwezi ujao nitampeleka tena, safari hii kwa fedha zangu mwenyewe, na nimekwisha kumwomba mwenye mgahawa atuwekee meza ile ile ya pembeni, karibu na dirisha.

Wasalaam,
Baba yako