Msizivunje hotuba, zichapisheni kama zilivyosemwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie namna magazeti yetu, likiwemo hili ninalolinunua kila Jumamosi, yanavyoripoti hotuba.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Nina steshenari jirani na stendi hapa Kahama, na sehemu kubwa ya kinachopita mikononi mwangu ni risala: za wahitimu wa kidato cha nne, za vikundi vya akina mama, za kamati za shule, za wazee wanaomsubiri mgeni rasmi. Nazisoma neno kwa neno, maana bila hivyo siwezi kuzichapa. Watu wetu hawakosi hoja, Mhariri. Wanachokosa ni umbo la kuibebea. Nao watalijulia wapi, iwapo gazeti linalowafikia linawaletea hotuba zilizokwisha kuvunjwavunjwa?

Mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba tunayo kazi moja tu, nayo ni kumpiga. Kisha akasema: “Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.” Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini maneno hayo nayajua kwa moyo, kama wanavyoyajua wengi wa rika langu walioyasikia yakirudiwa redioni. Sasa yaandikeni kama mwandishi wa habari wa leo angeyaandika: “Rais alisema nchi ina uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui.” Habari ni ile ile na hakuna uongo ndani yake. Lakini nani angeikumbuka wiki mbili baadaye?

Kilichopotea ni kazi ya mpangilio. Katika maneno yake, “kumpiga” linarudi mara tatu, na kila kipande kinafungwa na “tunao” au “tunayo”. Msikilizaji akishasikia kipande cha kwanza, kipande cha tatu anakimalizia mwenyewe kabla msemaji hajafika. Na mtu akishakamilisha sentensi kwa kinywa chake, amekwisha kukubali nusu ya hoja. Halafu tazameni vitu vitatu vyenyewe. Mzazi ambaye mwanawe anakwenda vitani ana maswali yake: Tunaweza? Tuna haki? Au tunatishia tu? Kila kipande kinajibu swali moja. Ndiyo maana usambamba ule, yaani kupanga vipande kwa umbo moja, haukuwa pambo. Ungeuondoa, ungeondoa na majibu.

Walimu wa Kiswahili hufundisha haya chini ya tamathali za semi na mbinu nyingine za lugha, na wanafunzi huzitaja kwenye mtihani: takriri, tashbihi, sitiari, maswali ya balagha. Wanazitaja vizuri kabisa. Kisha wanakuja kwangu na risala ya mahafali ambayo haina hata moja.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Azimio la Arusha la Februari 1967. Soma taratibu, tena kwa sauti: “Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Sasa tunataka mapinduzi, mapinduzi ya kuondoa unyonge, ili tusionewe tena, tusinyonywe tena, tusipuuzwe tena.” Vitenzi ni vitatu tu, kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa, lakini vinapita mara tatu na kila mara vimebadilika. Mara ya kwanza ni malalamiko ya yaliyokwisha kutupata. Mara ya pili tunaambiwa sababu, na sababu hiyo, unyonge, imekaa katikati ambapo pande zote mbili zinaigusa. Mara ya tatu vitenzi vile vile vinakuwa vya kukataa. “Kiasi cha kutosha” imeondoka, mahali pake imeingia “tena”. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kusomewa aya hiyo mara moja akaondoka nayo yote, malalamiko, chanzo na dawa, bila mtu kumwambia kwamba hapa ni utangulizi na hapa ni hitimisho. Mtu anaweza kuipinga siasa ya Ujamaa, na wapo wanaoipinga kwa sababu nzito, lakini aya hiyo inastahili kusomwa na kila anayetaka kuandika.

Nirudi kwenye risala zangu. Kuna mzee, mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji kimoja, aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kipande kimoja kilisema hivi: “Pamoja na mafanikio hayo, zahanati yetu inakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo upungufu wa watumishi, ukosefu wa magodoro pamoja na kutokuwepo kwa nishati ya umeme katika chumba cha kujifungulia.” Nikamwuliza, “Mzee wangu, ukiwa nyumbani ukimweleza jirani, ungesemaje?” Akasema, “Mwanangu, ningesema jengo tunalo lakini mganga hatuna.” Nikamwambia basi tuendelee hivyo hivyo. Tukaandika:

“Jengo tunalo, mganga hatuna. Vitanda tunavyo, magodoro hatuna. Chumba cha kujifungulia tunacho, taa hatuna.”

Hatukuongeza hoja hata moja. Tuliyatoa mambo kwenye lile fungu la “changamoto mbalimbali”, tukayapanga yote kwa umbo moja, na zito kuliko yote tukaliweka mwisho, kwa kuwa hapo ndipo sikio linapobaki. Lugha yenyewe ilitusaidia: tunalo, tunavyo, tunacho. Mlio unabadilika kidogo kufuata jina, umbo linabaki lile lile, kwa hiyo marudio hayachoshi. Baadaye mzee alikuja kunieleza kuwa alipofika kwenye neno “taa”, mgeni rasmi alimwomba asimame kwanza, akataka apelekwe akakione hicho chumba.

Sisemi kila kitu kirudiwe. Nimechapa hotuba ya kampeni yenye “tutaleta” zaidi ya kumi mfululizo, na kufikia ya nne nilikuwa nimeshaacha kusikia. Vitatu hutosha mara nyingi, na lazima viwe vya kweli. Anayesema “maji tunayo” mbele ya watu wenye ndoo tupu, mpangilio mzuri unamwumbua haraka zaidi, maana watu wameyakariri maneno yake.

Sasa ombi langu. Waandishi wenu wanaporudi kutoka mkutanoni, hutuandikia “alisema”, “aliongeza”, “alisisitiza kuwa”, na mtu aliyesema vizuri na aliyesema ovyo wanatoka gazetini wakifanana. Naelewa nafasi ni finyu na tangazo ndilo linalolipa. Hata hivyo naomba aya moja tu, nzima, yenye maneno ya msemaji kama yalivyomtoka, iwekwe ndani ya kila habari ya hotuba. Na isiwe ya wakubwa peke yao. Ikiwa risala ya wanakijiji ndiyo iliyosemwa vizuri siku hiyo, ichapisheni hiyo.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na wabunge wa mikoa yetu husimama kuomba barabara, maji na walimu. Anzeni hapo. Tupeni maneno yao yenyewe, nasi tuyasome kwa sauti na kuyapima.

Mpiga chapa,
Kahama