Duma kupanda boneti si urafiki

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za kulisubiri stendi lishushwe na basi, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile picha ya ukurasa wa nyuma, duma amekaa juu ya boneti huku mgeni akicheka hadi magego yanaonekana, na maelezo chini yake kwamba duma wa Serengeti sasa wanapenda watalii, imenishinda kunyamaza.

Duma hapendi mtalii. Huyu huwinda mchana, tena kwa macho, na kwenye uwanda wa majani mafupi mahali pa juu mara nyingi ni kichuguu. Akikosa kichuguu atapanda gari. Iangalieni tena picha yenu: mgeni anamtazama duma, duma anatazama mbali kule waliko swala. Hana habari na mtu.

Msimu wa nyumbu kuzaa nilikuwa Ndutu, kule kusini mwa uwanda wa Serengeti, na wageni wazee, watu wastaarabu. Tukamkuta duma jike na watoto watatu, bado wana yale manyoya ya kijivu mgongoni. Mama ameshainamisha kichwa, ananyemelea swala tomi. Nikazima injini kwa mbali. Mara dereva mmoja akatangaza kwenye redio ya upepo kwamba kuna duma, basi vumbi likaja kutoka kila upande kama kuna mgao wa mahindi. Gari moja likapita katikati ya mama na wanawe ili mgeni apate picha ya uso kwa uso. Swala wakatimka. Mama akaanza kuita, na duma anapowaita wanawe hutoa mlio mwembamba wa kindege, kiasi kwamba wageni wa gari la jirani wakawa wanamtafuta ndege kwenye miti! Watoto wako ng'ambo ya magari, wanaitikia, hawaoni pa kupita. Nikamwomba yule dereva, kijana wa rika la mwanangu, asogee. Akaniuliza, "Mzee, tipu yangu utanilipa wewe?" Nilikasirika, lakini hakusema uongo. Mshahara wake ni wa kubahatisha, na bosi wake, ambaye porini haonekani, ndiye aliyewaahidi wageni duma wa karibu.

Mnadhani ni hasira za mzee? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara, ambao ni uwanda huohuo ukivuka mpaka kuingia Kenya, ulionyesha kwamba kwenye maeneo yenye watalii wengi duma jike hulea mpaka kujitegemea wastani wa watoto 0.2 tu kwa kila uzao. Kwenye watalii wachache ni 2.3. Duma tayari ana simba wanaomuulia watoto na fisi wanaomnyang'anya kitoweo akiwa bado anahema baada ya kukimbia. Hathubutu kupigana nao, maana akivunjika mguu hawindi tena, atakufa njaa. Sasa mmemwongezea na Land Cruiser.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu: mwewe wa Ngoitokitok, pale wageni wanapolia chakula ndani ya kreta ya Ngorongoro, nao tumewaharibu wenyewe. Mgeni wangu mmoja, bibi wa watu, alinyakuliwa paja la kuku mkononi, kucha zikamchana kidole, na meza ya pili watu wanarusha vipande vya mkate juu ili wapige video. Bango la kukataza kulisha wanyama wameliegemea. Tumbili nao siku hizi wanalijua boksi la chakula kuliko tunda la mtini. Siku tumbili atakapomng'ata mtoto mtaandika kwamba wanyama wamekuwa wakali.

Pendekezo langu halihitaji kamati wala semina. Kila picha ya mnyama mtakayochapisha, iandikeni chini yake idadi ya magari yaliyokuwa nyuma ya mpiga picha, kwa tarakimu, kwa herufi nene. Na kampuni zinazopenda duma apande juu zichange fedha za vichuguu vya saruji, virefu kupita boneti, zibandike na nembo zao zikitaka, mradi viwe mbali na barabara. Picha ikiwa ya duma juu ya gari, mwandishi aseme pia swala walikuwa upande gani, na kama aliwapata.

Dereva wa Watalii,
Karatu