Heri ya Krismasi, Pamoja na Sura Tunazoziruka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Heri ya Krismasi kwenu nyote: mliokusanyika na watu wenu, mlio kazini zamu ya usiku, na ninyi mnaokula sikukuu hii huku kiti kimoja ni kitupu.

Niungame jambo. Mwaka jana, siku mbili kabla ya Krismasi, nilituma kwenye kundi la familia andiko la 2 Timotheo 3, lile la nyakati za hatari siku za mwisho. Nilikuwa na mlengwa wangu, kijana mmoja wa ukoo, nikataka limfikie. Haukupita muda mama akanipigia. "Mwanangu, hiyo orodha yako inaanza na nani?" Nikafungua Biblia. Inaanza na wanaojipenda wenyewe, kisha wanaopenda fedha. Wasiotii wazazi wanatajwa mbele huko. "Basi anzia juu," akasema, akakata simu.

Tangu hapo nimekuwa nikimsoma Mika, nabii wa Agano la Kale. Msimu huu tunamjua kwa mstari mmoja tu, wa Bethlehemu Efrata, mji mdogo atakakotoka mtawala wa Israeli. Watoto huukariri kwenye maigizo. Lakini mstari huo uko sura ya 5, na kabla hujaufikia unapita sura ya 2 na ya 3, ambazo sijawahi kuziona kwenye kadi ya Krismasi.

Humo mna watu wanaopanga uovu wakiwa vitandani, na kukipambazuka wanautekeleza kwa sababu uwezo wanao: wanatamani mashamba ya wenzao, wanayanyang'anya. Wakuu wanahukumu kwa rushwa. Makuhani wanafundisha kwa malipo, manabii wanatabiri kwa fedha. Na hao hao, hapa ndipo panaponichoma, wanasema: si Bwana yu kati yetu? Hakuna baya litakalotupata.

Sura ya 6 inaingia sokoni. Mika anataja efa, yaani kipimo cha nafaka, iliyopunguzwa na mfuko wa mawe ya kupimia ya udanganyifu. Hebu mfikirie mnunuzi. Anaona kipimo cha nafaka kimejaa pomoni, kumbe chenyewe ni kidogo. Fedha yake, ambayo siku zile ililipwa kwa uzito, inawekwa kwenye mizani dhidi ya jiwe lililo zito kuliko inavyopaswa. Hakuna aliyepiga kelele wala kumkwapua kitu. Kila kitu kimepimwa mbele ya macho yake, naye huenda akaondoka akishukuru.

Sisi tukisema maadili yameporomoka, mara nyingi tunaanza na mavazi ya vijana. Mika naye anataja mavazi, katika sura ya 2: ni joho ambalo wapita njia wasio na hatia wanavuliwa. Sisemi mengine hayamhusu. Sura ya 7 inaingia mpaka sebuleni, mwana akimdharau baba na binti akimwinukia mama, maneno ambayo Yesu aliyarudia katika Mathayo 10. Ila nyumbani anafika mwishoni, baada ya kupita kwa wenye mamlaka, madhabahuni na sokoni.

Na jambo moja lililonifariji. Mika alitangaza kwamba Sayuni, yaani Yerusalemu, italimwa kama shamba. Kama miaka 100 baadaye, nabii Yeremia akiwa hatarini kuuawa kwa unabii wa namna hiyo hiyo, wazee wakasimama wakakumbusha: Mika alisema hivyo siku za Hezekia, mfalme akamcha Bwana, na Bwana akaghairi mabaya aliyoyanena. Soma Yeremia 26. Mji haukulimwa siku zile. Ndiyo maana sipendi unabii ukisomwa kama utabiri wa mvua, kwamba tukae barazani tusubiri inyeshe.

Usiku huu nawafikiria wale waandishi wa Yerusalemu, walimu wa sheria. Mfalme Herode alipouliza Kristo azaliwa wapi, jibu walikuwa nalo: Bethlehemu ya Uyahudi, ndivyo nabii alivyoandika. Nabii mwenyewe ndiye huyu Mika. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilomita 9 hivi, mwendo wa saa mbili tatu kwa miguu. Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao alitoka. Waliokwenda ni wageni wa mashariki, ambao mstari walikuwa ndiyo kwanza wanausikia.

Yule kijana wa ukoo nimemtumia salamu mapema leo. Safari hii sikuambatanisha andiko. Amejibu kwamba atakuja kula nasi.

Krismasi njema, wapendwa, na Mwaka Mpya wenye heri.