Malalamiko Kuhusu Kubadilishiwa Vipuri Bila Gari Kupimwa

Meneja wa Gereji,
Morogoro.

YAH: COROLLA AE110 YA MWAKA 1997 ILIYOKUWA HAIWAKI

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Gari hili lililetwa kwenu kwa kuvutwa. Ukigeuza ufunguo lilipiga "ta!" mara moja, kisha kimya, injini haizunguki. Nilimweleza fundi wenu pia kwamba taa za mbele hazififii hata kidogo ufunguo ukigeuzwa. Hakuandika wala hakuuliza.

Mlianza na betri mpya, halikuwaka. Mkafunga stata (mota ya kuzungusha injini) ya mtumba, Sh 120,000, halikuwaka. Mkaenda kubadilisha pampu ya mafuta, Sh 90,000, na hapa ndipo ninapokereka kuliko pote. Pampu hushukiwa injini ikizunguka ikakataa kushika. Yangu haikuzunguka hata nusu. Petroli ingekwenda kufanya nini huko?

Nikalivuta gari hadi kwa fundi umeme wa mtaani, mwenye kibanda na mita ya mkononi. Betri ilisoma volti 12.6, haina kosa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Mita ikapanda hadi volti 4, mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi. Waya wa ethi wa injini, yaani ule unaounganisha injini na hasi ya betri, ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani ndani ya ganda, ingawa kwa nje ulionekana mzima. Taa zilikuwa kali kwa sababu ethi ya bodi ni waya mwingine. Aliunga kebo ya kubustia kutoka hasi hadi kwenye injini, gari likawaka papo hapo. Waya mpya: Sh 15,000.

Magari ya umri huu yana visa vyake, sikatai. Lakini mita haikutoka kwenye droo yenu hata mara moja.

Naomba nirudishiwe fedha za stata na pampu pamoja na ufundi wake, nanyi mchukue vifaa vyenu. Naomba pia stata na pampu yangu ya zamani, ambavyo sikuonyeshwa vilipofunguliwa. Betri nitabaki nayo, ya zamani ilikuwa na miaka mingi.

Nategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na risiti zenu.

Mteja wenu,
Mwenye Corolla nyeupe